Kamera ya Papa, Juni hadi Novemba: shajara ya betri, vumbi na wazee wa kambi

2 Juni 2024

Kamera ya Papa imelala juu ya kabati miaka minne. Leo nimeishusha.

Ni Nikon D90, ya aina iliyotoka mwaka 2008. Papa alipiga nayo harusi za Kenya, Katuba na Kamalondo, mitaa ya hapa kwetu Lubumbashi, Kongo, ubatizo, matanga, na picha za watoto waliovaa sare mpya kila Septemba. Alipofariki, Mama aliifunga kwenye mfuko wake wa ngozi pamoja na lenzi mbili, chaja na betri tatu, akaiweka mahali ambapo hakuna mkono wa mtoto ungefika. Aliifunga kwa upendo. Kumbe ngozi na giza ndivyo vitu viwili ambavyo lenzi haivipendi, na betri moja ilikuwa bado imo ndani ya kamera.

Ninachotaka kufanya ni hiki. Mtaa wetu ulianza kama kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa 1906 na mali zake zikachukuliwa na serikali mwaka 1967, baadaye zikawa za Gécamines, kampuni ya serikali. Wazee waliofanya kazi kiwandani, pamoja na wajane wao, nimewahesabu nyumba kwa nyumba: wamebaki 24. Nataka kila mmoja apigwe picha mlangoni kwake, kwa kamera hii hii ambayo wengi wao wanaikumbuka shingoni mwa Papa, kabla mvua hazijashika mwezi wa Novemba.

Nimebonyeza swichi. Kimya.

3 Juni

Betri nimezibandika namba kwa plasta ya hospitali na kalamu ya wino: 1, 2, 3. Ningeshauri kila mwenye betri zaidi ya moja aanze hapo. Betri zisizo na majina hutumika ovyo. Ile nzima hubeba kazi yote na ile mbovu hujificha katikati ya wenzake hadi siku ya harusi.

Namba 1 ndiyo iliyokuwa ndani ya kamera. Nimeiweka kwenye chaja, taa haikuwaka kabisa. Namba 2 taa ikaanza kupepesa kama kawaida. Namba 3 haikuingia vizuri. Nimeilazimisha kidogo, halafu nikaacha. Nimeilaza mezani, ikayumba. Tumbo lake limevimba.

Nimesimamisha kazi hapo. Betri iliyovimba ina gesi ndani. Haibonyezwi, haitobolewi, haichajiwi tena hata ikionekana inafanya kazi. Nimeitoa nje, nikaiweka kwenye mkebe wa maziwa wenye mchanga mkavu, mbali na mbabula ya Mama, jiko lake la makaa.

5 Juni

Nimekwenda soko la Kenya kwa fundi wa redio ambaye Papa alimwamini. Ana mita ya kupimia umeme, na ana subira. Betri za D90 huitwa EN-EL3e: volti 7.4, miliampea-saa 1500, ndicho kipimo cha umeme inaobeba. Ndani mna seli mbili za lithiamu zilizounganishwa moja nyuma ya nyingine. Zikijaa, jumla hufika karibu volti 8.4. Zikishuka mpaka karibu 6, zimeisha.

Namba 2: volti 7.1. Fundi alitabasamu. "Hii iko nachoka tu, haina mubaya."

Namba 1: volti 1.9.

Kijana mmoja aliyekuwa akingojea simu yake alituambia dawa yake ni rahisi: chukua betri nzima, iunganishe kwa nyaya na hii iliyokufa, ipige shoti kidogo, itaamka na chaja itaikubali. Nimeona wengi wakifanya hivyo kwa betri za simu. Fundi alikataa, na sababu aliyonipa sitaisahau kwa sababu inahusu kitu tunachokijua mji huu kuliko kitu kingine chochote: mukuba, yaani shaba.

Ndani ya kila seli mna karatasi nyembamba sana ya shaba, ndiyo inayobeba umeme upande wa hasi. Betri ikilala tupu muda mrefu, volti zikashuka kupita kiasi, shaba hiyo huanza kuyeyuka ndani ya maji ya seli. Ukija kuichaji kwa nguvu, shaba iliyoyeyuka hurudi kuganda mahali pasipo pake, huota vijiti vidogo, na kijiti kimoja kikigusa upande wa pili seli inaungua kutoka ndani. Kwa hiyo saketi ndogo ya ulinzi iliyo ndani ya betri ilipofunga mlango, ilijua inachofanya. Chaja haikuwaka kwa sababu haikutakiwa kuwaka.

Namba 1 imekwenda kuungana na namba 3 kwenye mkebe wa mchanga. Nimefunika vidole vyao vya chuma kwa plasta ili visigusane na kitu.

Uchungu nilionao ni kwamba namba 1 ilikuwa betri halisi iliyokuja na kamera. Kama ingetolewa na kuwekwa kando ikiwa nusu, huenda leo ingekuwa hai kama namba 2. Kamera iliyozimwa bado hunywa umeme kidogo kidogo; ina saa ndani, na saa hiyo ina kibetri chake kinachonyonya kutoka kwenye betri kubwa. Miaka minne ya kunyonywa.

9 Juni

Namba 2 imejaa. Kamera imewaka! Mama alikuwa jikoni anasonga bukari, akasikia ule mlio wa shata, akaacha mwiko ndani ya sufuria, akaja mlangoni. Hakusema neno.

Neno la saa linapepesa kwenye kioo, maana kibetri cha ndani kimekauka. Nimeingiza tarehe upya. Kinajichaji chenyewe kutoka kwenye betri kubwa, kwa siku mbili hivi, kisha kinaweza kushika saa karibu miezi mitatu. Kwa hiyo siku hizi mbili namba 2 inabaki ndani. Hili si dogo kwa kazi kama hii: picha isiyo na tarehe ya kweli, baada ya miaka ishirini, ni nusu ya picha.

D90 ina ukurasa kwenye menyu unaoonyesha habari za betri: asilimia iliyobaki, picha zilizopigwa tangu kuchajiwa, na umri wa betri kuanzia 0, yaani mpya, hadi 4, yaani ibadilishe. Namba 2 inaonyesha 1. Nimefurahi mno.

Kadi ya kumbukumbu: nimejaribu ile ya simu yangu ya GB 64, kamera imeikataa. Inakula mwisho GB 32. Nimenunua mbili.

15 Juni

Kutafuta betri ya pili. Kazi hii haiwezi kubebwa na betri moja. Mzee ameshavaa koti lake, amekaa kwenye kiti, halafu umwambie angoje saa mbili na robo mpaka betri ijae?

Kibanda cha kwanza walinipa inayofanana kabisa, rangi ileile, umbo lilelile. Imeandikwa EN-EL3a. Hiyo si yake. D90 haipokei EN-EL3 wala EN-EL3a, ni ile yenye "e" peke yake. Herufi moja. Kibanda cha pili walikuwa nayo yenye "e", lakini imeandikwa miliampea-saa 2600. Umbo ni lilelile, seli ni zilezile mbili. Hiyo 1100 ya ziada imeingia kupitia wapi? Kuna namba zinazojisema zenyewe kuwa ni uongo.

Nilikuwa nimebeba mizani ndogo ya jirani anayeoka keki. Betri halisi ina uzito wa karibu gramu 80. Ile ya 2600 ilikuwa na gramu 61. Muuzaji alikasirika, akaniuliza kama nanunua betri au nanunua nyama. Nikamwomba radhi, nikaondoka.

Namba 3 pia ilikuwa ya namna hiyo. Nimeipima ikiwa mkebeni, gramu 63. Papa aliinunua miaka yake ya mwisho, pesa zilipokuwa chache. Hakuwa mzembe. Alikuwa amebanwa.

Nimeipata namba 4 kwa mpiga picha mmoja anayefunga studio yake na kuhamia Kolwezi. Imetumika, umri unaonyesha 1, gramu 80, volti 7.6. Amenitoza dola 20 na kunitakia heri.

22 Juni

Majaribio. Nimezijaza zote mbili, nikaziacha zipumzike saa moja, nikapima: namba 2 volti 8.32, namba 4 volti 8.36. Kisha nikapiga picha za ukuta, kuku, sufuria, wapita njia waliokubali, mpaka kila moja ikaisha. Nikon walisema betri mpya inatoa karibu picha 850 kwa kipimo cha kiwanda. Namba 2 imetoa 538. Namba 4 imetoa 571. Niliacha kioo kikiwaka baada ya kila picha, na nilitumia flashi mara nyingi, kwa hiyo nayachukua matokeo haya kwa shukrani.

Sitazimaliza tena hivi kila mara. Kuna imani ya zamani kwamba lazima betri iishe kabisa ndipo ichajiwe. Hiyo ilikuwa kweli kwa betri za nikeli za zamani. Lithiamu haina kumbukumbu ya namna hiyo. Yenyewe inachukia ncha zote mbili: kukaa tupu, na kukaa imejaa mahali pa joto. Kuanzia sasa nitachaji ikifika asilimia 20 au 30, na sitaijaza mpaka usiku wa kuamkia kazi.

27 Juni

Mzee wa kwanza. Alichagua saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa sababu ndiyo saa aliyokuwa akitoka nyumbani kwenda kazini. Sikuweza kumkatalia.

Wasiojua Lubumbashi hudhani Kongo yote ni joto. Mji huu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zinaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kamera nilikuwa nimeibeba mkononi kwa dakika arobaini. Picha ya tisa, alama ya betri ikaanza kupepesa. Nilikuwa nimeijaza usiku! Nilihisi kama Papa ananitazama.

Mzee akaniambia niingie ndani nikanywe chai. Nikaitoa namba 2, nikaiweka kwenye mfuko wa ndani wa sweta, kwenye mwili. Tulipomaliza kikombe niliirudisha: asilimia 84.

Umeme haukuwa umekwisha. Baridi inafanya mambo ndani ya seli yaende polepole, umeme unatoka kwa shida, volti zinainama kamera inapoomba nguvu, nayo kamera inadhani betri imeisha. Ikipata joto inarudi. Tangu siku hiyo betri ya akiba hukaa kifuani mwangu.

Picha ya mzee ni nzuri. Amesimama na kopo lake la chakula la zamani, lile la bati, ambalo mke wake hakulitupa.

4 Julai

Delestaje, ule mgao wa umeme. Siku ya tatu tunapata umeme usiku tu, kwa muda wa saa tatu. Chaja yenyewe inavumilia, imeandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme ukiwa mdogo inaendelea kwa upole. Hatari ni pale umeme unaporudi. Unarudi kwa kishindo, na nyumba ya tatu kutoka kwetu televisheni imekwenda jana usiku. Utaratibu wangu: umeme ukikatika nachomoa chaja ukutani. Ukirudi, nangoja taa ya jirani itulie, dakika kumi hivi, ndipo nachomeka, na ni kupitia stabilaiza. Betri haibaki kwenye chaja usiku kucha. Usiku ambao umeme hauji kabisa nampelekea Yaya, ndugu yangu mkubwa, kwenye kibanda chake cha kuchaji simu kwa sola, hanitozi.

Wazee watano tayari.

13 Julai

Hapa nataka kuandika kwa urefu, kwa sababu nimepoteza siku kadhaa na nisingependa mwingine azipoteze.

Nilipofungua picha kwenye kompyuta ya binamu niliona vidoadoa. Kila picha, mahali palepale: viwili juu kushoto, kimoja karibu na katikati, na kitu kama unywele upande wa kulia. Miezi hii Lubumbashi haina wingu hata moja. Anga ni shuka ya buluu kuanzia Mei mpaka Septemba, na kwenye shuka hiyo kila chembe inaonekana. Mwezi wa Januari, mawingu yangezificha.

Ni vumbi letu jekundu. Linaingia kwenye kabati lililofungwa, linaingia kwenye chumvi. Nilikuwa nimebadilisha lenzi barabarani, upepo ukivuma, mdomo wa kamera ukitazama juu kama kifaranga anayengoja chakula. Lilianguka moja kwa moja kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga.

Kwanza kamera yenyewe. D90 ina namna ya kujisafisha: inatikisa kioo cha mbele ya sensa haraka sana ili vumbi lidondoke. Unaiweka wima kama inavyokaa mezani, ili kinachodondoka kianguke chini. Nimefanya mara nne. Doa moja limeondoka.

Kisha hewa. Hatua hii ina masharti. Kwenye menyu kuna amri ya kuinua kioo cha ndani na kukishikilia juu kwa ajili ya kusafisha, na kamera inakataa amri hiyo betri ikiwa chini. Nilidhani ni usumbufu, kisha nikaelewa. Kioo kikiwa juu na mapazia ya shata yakiwa wazi, ni nguvu ya betri tu inayoyashikilia. Ikipungua katikati ya kazi, kamera inalia na taa ya mbele inapepesa, unapewa kama dakika mbili kuondoa mkono, halafu kila kitu kinajifunga. Mtu aliyekuwa na brashi ndani wakati huo ataharibu mapazia. Kwa hiyo hata usafi wa vumbi ni habari ya betri: ijaze kwanza.

Pampu ya hewa ya wapiga picha sikuipata. Nimenunua famasi ile pampu ya mpira ambayo akina mama wanaijua kwa watoto wenye tumbo gumu, mpya, katika pakiti yake. Kabla ya yote niliiminya juu ya kitambaa cheusi: ikatema unga mweupe. Ni poda wanayoweka kiwandani ili mpira usigandane. Ningeitumia hivyohivyo ningeipaka sensa unga. Nimeiosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, nikaisuuza, nikaianika siku mbili, nikaijaribu tena juu ya kitambaa cheusi mpaka pakawa safi.

Nilifunga bafu, nikamwaga maji ya moto sakafuni ili vumbi la hewani litulie, nikangoja nusu saa mvuke uishe. Kamera juu, mdomo ukitazama chini. Minya, minya, minya. Ncha ya pampu isiingie ndani ya duara la kamera. Mdomo wa mtu usipulize kamwe, hata kwa mzaha, maana mate yanakauka na kuacha alama zinazohitaji dawa. Na makopo ya hewa ya kubonyeza yaache kabisa. Yanatema maji ya baridi.

Kipimo: piga anga kwa tundu dogo kabisa, f/16 au f/22, ndipo vumbi linaonekana vizuri. Vidoa vyote vimeondoka isipokuwa ule unywele, umebaki kivuli chake upande wa kulia kabisa. Sitaugusa kwa kitambaa. Nitampanga mzee asiangukie hapo.

Na sheria mpya: lenzi ya kazi huvalishwa nyumbani asubuhi, haibadilishwi hadi jioni.

30 Julai

Wazee 13. Mama mmoja, mjane, alikataa kupigwa picha peke yake. Alishika picha ya arusi yao, na picha hiyo nyuma ina mhuri wa studio ya Papa. Nilifuta lenzi mara tatu kabla ya kupiga, na haikuwa na vumbi.

18 Agosti

Nkambo, yaani babu, wa nyumba ya mwisho karibu na reli alifanya kazi Likasi, Shituru, kule kobalti ilikosafishwa, kabla ya kuhamishiwa huku. Mikono yake inatetemeka, akili yake ni kali. Aliniona nikibadilisha betri, akanyosha kiganja. Nikampa namba 4.

"Ndani muko nini?"

Nikamwambia ninachokijua. Kuna lithiamu, kuna karatasi ya mukuba, na upande wa chanya betri nyingi za aina hii zina oksidi ya kobalti. Wazo la kutumia kobalti hapo alilitoa John Goodenough na wenzake mwaka 1980, Oxford, Uingereza; Sony wakaanza kuuza betri za namna hiyo 1991; na mwaka 2019 Goodenough, Whittingham na Yoshino wakapewa tuzo ya Nobeli ya kemia kwa kazi ya betri za lithiamu. Na kobalti ya dunia, zaidi ya nusu inachimbwa katika nchi yetu, sehemu kubwa kati ya hapa na Kolwezi.

Aliipima mkononi, juu chini, kama mtu anayepima kiazi.

"Basi hii iko kazi yetu," akasema. "Na inakuya ku soko ya Kenya kwa dola ngapi?"

Nikamwambia 20. Akanyamaza muda mrefu. Akaniomba nimpige picha akiwa ameishika. Lakini kamera bila betri haiwezi kupiga, kwa hiyo nikaweka namba 2 ndani, na namba 4 ikabaki katika kiganja chake. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote mpaka sasa. Nilimkumbuka Sammy Baloji, mpiga picha, mtoto wa mji huu, aliyewarudisha wafanyakazi wa zamani kwenye picha za viwanda vilivyochakaa. Nilipoona kazi yake kwa mara ya kwanza nilikuwa mdogo, sikuelewa kwa nini Papa alisimama mbele yake muda wote ule.

1 Septemba

Wazee 19. Mmoja ametutoka Jumanne, kabla sijamfikia. Wamebaki wanne. Naongeza mwendo.

21 Septemba

Joto. Jana niliacha mfuko ndani ya gari la binamu, madirisha yamefungwa, saa nane mchana. Niliporudi betri zilikuwa moto kiasi cha kuumiza. Sikuzitumia wala kuzichaji mpaka zilipopoa zenyewe kivulini. Hazikuwekwa kwenye friji, maana kutoka moto kwenda baridi huleta umande. Leo namba 2 bado inaonyesha umri 1. Nashukuru, na sitarudia.

Baridi huichosha betri kwa asubuhi moja, ikapona. Joto huikata maisha na hakuna kupona.

12 Oktoba

Wazee 22. Mijakaranda imechanua, barabara ni zambarau, na kila mzee anataka apigwe chini ya mti. Sawa.

Habari mbaya: lenzi ndefu, ambayo sikuigusa tangu Juni, nimeimulika kwa tochi na kuona nyuzi kama utando wa buibui kwenye kioo cha ndani. Ni kuvu. Ilianza ndani ya ule mfuko wa ngozi miaka ya mvua. Ngozi hushika unyevu, na kuvu hupenda giza na hewa iliyosimama. Fundi anaweza kuifungua lakini dawa ya kioo imeshaliwa, alama itabaki. Nimeitenga na lenzi nzima.

Mfuko wa ngozi sasa unatundikwa ukutani kama kumbukumbu. Kamera na lenzi nzima vimehamia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa mpira, pamoja na vifuko vya silika nilivyokusanya kwenye maduka ya viatu. Wengine wanasema mchele. Mchele una unga, na unyevu unaoushika ni kidogo; uache uliwe. Silika ikishiba maji hukaushwa kwa moto mdogo na kurudi kazini. Ile yenye rangi ni rahisi kuijua: ikiwa kavu ni buluu, ikishiba inakuwa waridi. Na rangi hiyo, nilipouliza inatokana na nini, jibu likawa kloridi ya kobalti. Tena kobalti! Ni sumu, kwa hiyo naikausha juu ya mbabula kwa kikaango kisichopikia chakula, nje, upepo ukinitoka mgongoni, na watoto wakiwa mbali.

3 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli jana usiku, chini ya bati halikusikika neno. Leo asubuhi, mzee wa mwisho. Alikuwa ameugua, akaomba apigwe akiwa amekaa kitandani, dirisha wazi. Hakuna flashi. Picha sita, namba 4 asilimia 71.

Nimewapiga 23. Kiti cha yule aliyeondoka nimekipiga mlangoni kwake, kwa ruhusa ya binti yake.

10 Novemba

Nimenakili picha zote sehemu mbili, nimechapa 24 kwa karatasi ya ukubwa wa daftari, na nimeanza kuzipeleka nyumba kwa nyumba.

Kamera inalala mpaka mradi mwingine. Vidole vya chuma vya betri nimevifuta kwa kitambaa kikavu. Namba 2: volti 7.6, karibu nusu. Namba 4: volti 7.6. Zote ziko nje ya kamera, na vifuniko vyake vya plastiki, ndani ya droo ya chumba cha ukuta wa kaskazini ambacho hakipati joto la bati. Vifuko vya silika vitano, buluu. Namba 1 na 3 zimebaki mkebeni na mchanga wao. Takataka za mtaa huu huchomwa kwenye kona, na betri ya lithiamu motoni hulipuka.

Mama ameandika mwenyewe kwenye kalenda ya ukutani, mwezi wa pili, tarehe 10: kupima betri za Papa.